Mzee Aniceti Kitereza na Deni la Masimulizi

Kila mwaka walimu wanafunzi wetu huondoka chuoni kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi zilizotapakaa kati ya Shinyanga, Kahama na Geita. Baadhi yao hupangiwa vijiji vya wafugaji na wakulima wa pamba; wengine hupangiwa shule zilizo jirani na machimbo ya dhahabu, ambako watoto wengi wamefika juzi tu pamoja na wazazi wao. Katika mizigo yao humo daftari moja ambalo sisi wakufunzi huwaagiza walijaze: daftari la ngano, methali, vitendawili na habari za kale watakazosimuliwa na wazee wa mahali hapo. Huwaeleza kwamba daftari hilo ni zana ya kufundishia isiyonunuliwa dukani, na katika hilo hatukosei. Lakini liko jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Daftari likishajaa, ni mali ya nani? Na kati ya aliyesimulia na aliyeandika, nani anamdai mwenzake?

Swali hili limewakabili hata watafiti wa vyuo vikuu. Katika miaka ya 1960 wanahistoria wa Afrika ya Mashariki walianza kuyahesabu masimulizi ya wazee kuwa ushahidi unaostahili kupimwa kwa makini, kama zinavyopimwa barua na nyaraka za serikali. Mwaka 1969 Isaria Kimambo alitoa kitabu cha historia ya siasa ya Wapare ambacho msingi wake mkubwa ulikuwa maneno ya wazee wenyewe. Watafiti wengi walifuata njia hiyo. Walikaa vijijini, wakasikiliza, wakaandika, wakaondoka. Waliopata faida ya safari hizo ni akina nani, hilo ndilo tunalotaka kulichunguza. Nasi tumeona kwamba njia nzuri ya kulichunguza ni kueleza maisha ya mtu mmoja wa Kanda ya Ziwa ambaye alikuwa msimuliaji na mwandishi kwa wakati mmoja, na ambaye alishirikiana na watafiti kwa faida na kwa hasara. Mtu huyo ni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Nchi aliyozaliwa

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Ingawa ni kisiwa, hakikupata kujitenga na nchi kavu. Tangu zamani Wakerewe walisafiri kwa mitumbwi kwenda Usukuma na Uzinza, wakibadilishana bidhaa. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo wa Uzinza, katika nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa imo ndani ya Mkoa wa Geita, yalivushwa majini yakalima mashamba ya mbali. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha Geita au Shinyanga asidhani kwamba tunamsimulia habari za watu wa ugenini. Ngano na methali zilisafiri katika mitumbwi ile ile iliyobeba majembe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Abasilanga, ambao ndio uliotoa watawala wa kisiwa hicho walioitwa Abakama. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kumwondoa madarakani Omukama Lukonge, na mambo ya kale yalikuwa yameanza kutikisika. Baba yake, Malindima, alifariki mtoto angali mdogo. Hivyo Kitereza alikuwa mtoto wa zama mbili: masikio yake yaliyasikia maneno ya watu waliokua kabla ya mgeni kuitawala nchi, na macho yake yakaiona nchi hiyo ikigeuka.

Elimu na maisha ya utu uzima

Alianza masomo katika misheni ya Kagunguli, iliyokuwa ya Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi waliwaita Mapadri Weupe. Walimu wake walitambua akili yake, naye akapelekwa katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alikaa takriban miaka kumi akijifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, pamoja na falsafa na elimu ya dini. Angeweza kuwa padri, lakini mwaka 1919 aliachana na njia hiyo, akarudi nyumbani na kumwoa Anna Katura.

Ndoa hiyo ilidumu miaka mingi, lakini hawakubaki na mtoto. Kwa desturi za wakati ule, na hata za leo, jambo hili lilikuwa mzigo mzito. Ndugu wa mume huwa na maneno yao, na ndugu wa mke huwa na yao. Kitereza hakuoa mke wa pili. Msomaji alishike jambo hili, maana litarudi mbele.

Kwa muda alifanya kazi kwa mfanyabiashara, na baadaye alirudi Kagunguli kuwatumikia mapadri kwa kufundisha na kutafsiri. Kazi ya kutafsiri ilimfanya asimame kila siku kati ya lugha yake na lugha za wengine. Anayefanya kazi hiyo kwa uaminifu huona mapema ni maneno gani yasiyo na mwenzi upande wa pili. Huona pia ni maneno gani ambayo vijana wa kwao wameanza kuyasahau.

Kitabu cha mwaka 1945

Kitereza aliona kwamba watoto wa Ukerewe walikuwa wakikua bila kujua wahenga wao waliishi namna gani. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alimtia moyo aandike. Angeweza kutunga orodha ya mila: ukurasa wa kilimo, ukurasa wa uvuvi, ukurasa wa mazishi, kama walivyofanya wageni wengi walioandika juu ya makabila yetu. Yeye alichagua kusimulia hadithi. Kwa lugha ya Kikerewe alitunga riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Aliimaliza mwaka 1945.

Riwaya hiyo inaeleza maisha ya Ukerewe kabla ya ujio wa Wazungu. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wakwe wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumkomboa mkewe, na huko anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Ndipo anapoingia katika kazi ya kutafuta ndizi, kuziivisha, kuzikamua, kuomba msaada wa majirani na kusafirisha pombe mpaka ukweni. Baada ya kumrudisha mkewe wanakwenda kwa mganga, na hatimaye nyumba yao inapata mtoto wa kiume, kisha wa kike.

Mtu aliyeyajua maisha ya Kitereza na Anna Katura hawezi kuusoma mwanzo wa kitabu hicho bila kuguswa. Hatuna haki ya kusema kwamba Myombekere ndiye Kitereza. Lakini twaweza kusema kwamba aliyeandika juu ya nyumba isiyo na mtoto hakuwa akiandika mambo ya kusikia.

Hapa mwalimu anapata somo la kwanza la ufundishaji. Katika riwaya hiyo mtoto atajifunza jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa hatua kwa hatua. Atajifunza kwa hamu, kwa sababu anataka kujua kama Bugonoka atarudi nyumbani. Mila imefungwa ndani ya haja ya mtu. Mwalimu akiwaandikia wanafunzi ubaoni hatua saba za kutengeneza kitu fulani, watazikariri na kuzisahau. Akiwasimulia habari za mtu ambaye maisha yake yalitegemea hatua hizo, watazikumbuka bila kulazimishwa. Kitereza hakusomea ualimu katika chuo kama hiki chetu, lakini kanuni hii aliijua. Huenda aliipata kwa wazee waliomsimulia yeye utotoni, ambao nao hawakufundisha kwa orodha.

Miaka ya sandukuni

Mswada ulipomalizika, hakupatikana mtu wa kuuchapa. Padri Simard alijitahidi kuutafutia njia, hata kwa kuanza kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini juhudi hizo hazikuzaa kitabu. Wachapishaji walihesabu wasomaji wa Kikerewe wakaona ni wachache. Kazi ikabaki nyumbani kwa mwenyewe, na miaka ikapita. Serikali ya Waingereza ikaondoka, Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na mswada ungali pale.

Hata hivyo mzee hakuketi bure. Aliandika habari za Abakama wa Ukerewe na ngano za kwao. Tukumbuke kwamba hakuna chuo kilichomlipa kwa kazi hiyo, wala mkaguzi aliyemfuata kumuuliza amefikia wapi. Sisi tunaolalamika kwamba daftari moja la mazoezi ya kufundisha ni mzigo, yafaa tumtazame mtu huyu.

Watafiti wanafika

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe mtafiti wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte. Hartwig alikuwa akitayarisha shahada ya juu ya chuo kikuu juu ya historia ya Wakerewe na biashara zao za masafa marefu katika karne ya 19. Historia hiyo kwa sehemu kubwa haikuwamo katika maandishi. Ilikuwamo vichwani mwa wazee. Miongoni mwa wazee waliomsaidia alikuwa Kitereza, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, na viungo vyake vilikuwa vimeanza kudhoofishwa na baridi yabisi.

Katika hali ya kawaida mambo yangeishia hapo. Mtafiti angeuliza, mzee angejibu, na jina la mzee lingetajwa katika ukurasa wa shukrani. Lakini wageni hawa waligundua kwamba mzee waliyemjia kwa maswali alikuwa na kazi kubwa iliyokamilika, iliyomngoja msomaji kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakaona kwamba utafiti wao hauwezi kuwa wa kuchukua tu. Walimshauri autafsiri mwenyewe mswada wake kwa Kiswahili, lugha ambayo nchi nzima ilikuwa ikiisoma, nao wakamsaidia katika kutafuta mchapishaji. Ngano moja iliyotoka kwake waliitafsiri ikachapishwa Marekani mwaka 1970, na mwaka 1972 waliandika makala ya kumtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Kiafrika.

Basi mzee yule alikaa kitako akaanza upya. Fikirini kazi hiyo. Mtu aliyekwisha kuandika kitabu kikubwa akiwa na umri wa miaka 49 anakiandika kitabu hicho hicho mara ya pili katika lugha nyingine, akiwa amekwisha kupita sabini na vidole vinamuuma. Aliimaliza kazi hiyo.

Huu ndio tunaouita ushirika wa kweli kati ya chuo na jamii. Mtafiti alileta kile ambacho mzee hakuwa nacho: njia ya kuwafikia wachapishaji na wasomi wa mbali. Mzee alileta kile ambacho mtafiti asingekipata popote pengine: maarifa ya nchi, na ustadi wa kuyasimulia. Zaidi ya hayo, mzee hakugeuzwa kuwa chanzo cha habari tu. Jina lililoandikwa juu ya kitabu ni lake.

Hesabu isiyolingana

Lakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kuliko ilivyo. Mwaka 1976 kitabu cha Hartwig juu ya historia ya Wakerewe kilitoka. Kitabu cha Kitereza kilikuwa bado. Kilipokubaliwa na Shirika la Uchapishaji la Tanzania, Tanzania Publishing House, kazi ya kukichapa ilifanyika China, na nakala zililazimika kusafirishwa kwa meli. Mzee Aniceti Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Ilikuwa imepita miaka 36 tangu alipouweka chini wino wa mswada wa kwanza.

Hatuyasemi haya kuwalaumu watafiti wale, ambao walifanya zaidi ya wengi wa wakati wao. Tunasema ili hesabu ionekane. Yule aliyeuliza maswali alikipata kitabu chake akiwa hai, kwa muda wa miaka michache. Yule aliyekuwa na majibu tangu mwaka 1945 hakukiona chake. Hata ushirika ulio mwema una pande mbili zisizo na haraka sawa. Mtafiti ana tarehe ya kukabidhi tasnifu, na mwalimu mwanafunzi ana tarehe ya kukabidhi daftari. Mzee ana umri wake tu, na umri haumngoji mtu.

Ipo hesabu ya pili, ya lugha. Kwa kupita katika Kiswahili riwaya ilipata wasomaji wa nchi nzima na ng'ambo. Baadaye ilitafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, na mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mashuhuri ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Faida hiyo ni kubwa. Lakini kitabu kilichoandikwa ili watoto wa Ukerewe wasiisahau lugha ya wahenga wao kiliwafikia kwanza katika lugha nyingine. Kitereza mwenyewe aliikubali njia hiyo, na nani angemlaumu? Alichagua kusomwa. Nasi tunaofundisha kwa Kiswahili katika shule za msingi, tunaopenda Kiswahili na kukitukuza, tukubali kwamba uchaguzi huo ulikuwa na gharama yake.

Kosa letu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungepima kazi za wengine bila kupima za kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Shinyanga, mwalimu mwanafunzi wetu alisimuliwa ngano ndefu na bibi mmoja kwa jioni tatu mfululizo. Ilikuwa ngano yenye wimbo, na bibi aliuimba wimbo huo kwa Kisukuma kila msichana wa ngano alipofika penye njia panda. Mwalimu mwanafunzi aliandika kila kitu kwa Kiswahili, na wimbo akaueleza kwa sentensi mbili. Daftari lilipata alama za juu. Sisi wakufunzi tuliitumia ngano hiyo kwa miaka miwili kuonyesha mfano wa ukusanyaji mzuri.

Hatimaye tuliona aibu kwamba bibi hakupata kitu. Tukaipiga chapa ngano yake vizuri, tukaipeleka kijijini. Tulipobisha hodi tulipokewa na binti yake, naye akatueleza kwamba msiba ulikwisha kupita miezi kadhaa. Tuliketi, tukampa pole, kisha akaomba tumsomee. Tulipofika penye njia panda alitunyamazisha kwa mkono na kuanza kuuimba wimbo wenyewe. Aliimba maneno ya mwanzo tu, akakwama. Akatutazama, akitaraji kwamba sisi tuliokuwa na karatasi tungemkumbusha yaliyobaki. Karatasi yetu haikuwa nayo.

Tangu siku hiyo hatujaitumia tena ngano ile kama mfano wa ukusanyaji mzuri. Tunaitumia kama mfano wa deni.

Yatupasayo kufanya

Kutokana na maisha ya Mzee Kitereza, na kutokana na kosa letu, twapendekeza mambo yafuatayo kwa mwalimu mwanafunzi aendaye mazoezini.

Kwanza, aende kama mtoto aendavyo kwa babu au bibi yake. Ajulishwe na mwenyeji, aamkie kwa salamu ya mahali hapo, aeleze bila kuficha kwamba anataka kuandika na kwamba atayatumia darasani. Mzee akikataa, akubali. Mzee akitaka jina lake liandikwe, liandikwe kama atakavyo yeye, asipotaka, lisiandikwe.

Pili, maneno yasiyotafsirika, na hasa nyimbo, yaandikwe kwanza katika lugha ya msimuliaji. Asiyeijua lugha hiyo amwombe mwenyeji amsaidie. Tafsiri ya Kiswahili ifuate chini yake. Kiswahili ndicho kitakachotumika darasani, lakini mlango wa kurudia kwenye neno la asili usifungwe.

Tatu, kabla ya kuondoka kijijini, amsomee mzee yale aliyoyaandika. Hapo atasahihishwa. Mzee ataongeza kipande alichokisahau, au ataagiza kipande fulani kifutwe. Kusoma mbele ya mwenye habari ni mtihani mkali kuliko mtihani wetu wa chuoni.

Nne, ziandikwe nakala tatu: moja ya msimuliaji na jamaa zake, moja ya shule ya kijiji, moja ya chuo. Nakala ya msimuliaji itangulie. Isingoje alama, isingoje kupigwa chapa, isingoje gari la chuo. Nakala ya mkono iliyofika mapema yashinda kitabu kizuri kilichochelewa.

Tano, darasani ngano isifundishwe kama kitu cha kukariri. Tuchukue mfano wa ngano ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ambayo karibu kila mtoto wa Kisukuma ameisikia: zimwi lameza watu wote na mali zao, mama mmoja anasalia na mimba yake, na mtoto anayezaliwa analitafuta zimwi mpaka analiua na kuwatoa waliomezwa. Mwalimu asianze kwa kuuliza mhusika mkuu ni nani. Asimulie mpaka pale mtoto anapoanza kumwuliza mama yake watu wengine wako wapi, kisha anyamaze, awaache wanafunzi waseme wao wangefanya nini. Halafu awatume nyumbani wakaulize mwisho wake unasimuliwaje kwao. Kesho yake atapata miisho kadhaa, na hapo somo halisi litaanza.

Kwa walimu wa Geita zoezi hili lina uzito wa pekee. Katika darasa moja la shule iliyo karibu na machimbo huweza kukaa pamoja watoto wa Kisukuma, Kizinza, Kiha, Kihaya na Kikerewe. Mwalimu aliyezoea kijiji cha watu wa asili moja huenda akasema kwamba hapo hapana jamii, hivyo hapana masimulizi. Hilo si kweli. Kila mtoto ametoka na ngano yake, na zimwi lile lile huja na majina mbalimbali. Aidha, eneo lenyewe lina historia ya kusimuliwa. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Wako watu walioiona nchi hiyo kati ya migodi hiyo miwili, wakati mashimo ya zamani yalipokuwa yameota majani. Wanafunzi wakiwauliza leo, watapata somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Wala tusidhani kwamba maneno ya wazee yanafaa kwa somo la lugha na historia peke yake. Shinyanga inatoa ushahidi. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki tupu bila miti. Mradi huo ulipata nguvu ulipoacha kutegemea miche ya vitaluni tu na kurudi kwenye ngitili, yaani desturi ya wafugaji wa Kisukuma ya kutenga malisho na kuyapumzisha mpaka kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa hai katika vichwa vya wazee, na wataalamu waliokubali kuwasikiliza waliona misitu ikirudi katika maelfu mengi ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Mwalimu wa sayansi anayemwalika mzee darasani aeleze ngitili hafanyi mchezo. Anafundisha elimu iliyokwisha kujaribiwa.

Mwisho

Mzee Aniceti Kitereza hakuwa na mtoto wa kumrithi, lakini aliwaandikia watoto wa wenzake. Alipata washirika kutoka chuo kikuu cha mbali ambao waliona zaidi ya haja zao, na kwa sababu hiyo leo twaweza kumsoma. Hata hivyo mkono ulioandika haukupata kukigusa kitabu. Tunapomtaja mbele ya walimu wanafunzi wetu tunataka wayakumbuke yote mawili kwa pamoja, furaha na hasara.

Mwaka huu madaftari yatagawiwa tena kabla ya mazoezi ya kufundisha. Tumeongeza jambo moja tu. Katika ukurasa wa mwisho wa kila daftari pana mstari wa kuandika tarehe ambayo nakala ilirudishwa kwa msimuliaji, na nafasi ya alama yake au sahihi yake. Daftari ambalo mstari huo hautajazwa hatutalisahihisha, hata likiwa na ngano nzuri namna gani.